Koti la Watu Wote

Mezani palikuwa na pasipoti moja na nakala ya nyingine. Jina lilikuwa moja, tarehe ya kuzaliwa moja, nyuso mbili. Inspekta alikuwa amezitazama tangu ofisi ifunguliwe, mpaka chai yake ikapoa na kufanya utando juu. Wenzake walimwita Bibi Lenzi, kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokifunga kamba na kukivaa shingoni, na kwa sababu hakuwa na mtoto wa kumpa jina jingine. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumuuliza mbona umechelewa, basi alikuwa hana haraka na kazi. Leo tu ndipo haraka ilipomkuta.

Ile pasipoti ilikuwa ya fundi cherehani mmoja wa nyuma ya soko. Mtaani walimwita Fundi Kesho, maana hakuna mteja aliyewahi kuulizia nguo yake akajibiwa vingine. Wiki iliyopita Fundi Kesho alikwenda uwanja wa ndege na kibegi kimoja, safari ya kwenda kumwona mkewe aliyelazwa nchi ya mbali, amepigwa na kiharusi, hasemi. Dirishani mashine ikamkatalia. Ilisema pasipoti yake iliripotiwa kupotea miaka mitano iliyopita, ikatolewa nyingine badala yake, na hiyo nyingine ilikwisha kuvuka mpaka na mtu mwingine. Fundi akarudishwa mjini akiwa mtuhumiwa: amedanganya kwamba pasipoti imepotea, ili mwenzake apate ya pili na kusafiri kwa jina lake.

Sheria kwa watu wa namna hiyo ni fupi. Anayetuhumiwa kwa kosa la hati ya kusafiria, hati yake inashikwa, hapewi nyingine, na havuki mpaka hadi shauri lake liishe. Shauri litaisha lini, hilo sheria haikulisema. Kabatini mwa Inspekta mlikuwa na majalada ya watu waliokuwa na nywele nyeusi siku yalipofunguliwa.

Mlango mmoja mdogo ulibaki. Kabla mashtaka hayajasomwa mahakamani, Mkuu wa idara angeweza kuirudisha pasipoti kwa saini yake, mpelelezi akimwandikia kwamba mtu huyu hana kesi. Yakishasomwa, ni hakimu peke yake. Ya Fundi Kesho yalikuwa yasomwe Jumatatu, na leo ilikuwa Ijumaa. Shirika la ndege lilikubali kumsogezea tiketi mara moja tu, kwa safari ya leo jioni.

Mkuu aliingia bila kubisha, kama kawaida yake.

"Bado unaziangalia? Koti, Bibi Lenzi. Angalia koti!"

Aliliangalia kwa mara nyingine. Picha zote mbili zilionyesha koti la kijivu lenye kola pana, na kwenye kola ya kushoto alama ya pasi, doa dogo la kuungua lililokaribia umbo la jani.

"Koti moja," Mkuu alisema. "Na mtuhumiwa ni fundi wa nguo. Unataka nini tena, aje akuimbie? Kampa mwenzake jina, akampa na koti. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Tulipekua kwake. Koti halipo."

"Fundi nguo ashindwe kulipoteza koti?"

"Na ofisa wetu wa dirishani aliyetoa hii ya pili, Mkuu? Aliletewa uso mwingine, akapitisha. Alama za vidole zilikuwa hazijaanza, lakini macho alikuwa nayo."

Mkuu alikohoa. "Alinieleza. Anasema alilinganisha picha mpya na ya zamani, akaona ni yule yule."

"Alilinganisha koti."

"Mimi naondoka saa kumi," Mkuu alisema, "na wiki ijayo nzima sipo. Ukiniletea kitu, nitasaini. Usiponiletea, Jumatatu asomewe." Akatoka, akauacha mlango wazi.

*

Chumba cha kazi cha Fundi Kesho kilikuwa na cherehani moja, meza ya kukatia na stuli mbili. Moja aliikalia mwenyewe. Ya pili, karibu na dirisha, ilikuwa na kitambaa kilichokunjwa juu yake, na ilionekana wateja walikwisha kufundishwa kutoikalia. Inspekta alibaki amesimama.

"Karibu, afande. Kama ni nguo, njoo kesho," fundi alisema, akacheka peke yake, na kicheko kikamkatikia. "Samahani. Ulimi umezoea."

"Nimekuja na picha, mzee."

"Nimekwisha kuiona. Waliniwekea puani kule uwanjani."

"Itazame tena."

Aliipokea, akaitazama mara moja, akairudisha. "Simjui."

Inspekta aliiweka picha mfukoni bila haraka. Dakika chache kabla, akiwa bado mlangoni, alikuwa amemwona fundi akisoma kikaratasi cha vipimo: alikisogeza karibu, akakipeleka mbali, akakiinamisha kwenye mwanga. Picha ya mtu asiyemjua hakuisogeza popote.

"Na koti ulilovaa kwenye picha yako?"

"La studio. Kwa yule jamaa wanayemwita Usicheke, nyuma ya posta ya zamani. Unakwenda na fulana yako, anakuvisha koti, unatoka muungwana. Mimi na mke wangu tulipigwa siku moja."

"Mbona hukusema hivyo ulipohojiwa?"

"Niliulizwa koti langu liko wapi. Nikasema sina koti. Wakaandika kwamba nimekana."

Inspekta alitaka kucheka, akajizuia. Macho yake yalikuwa kwenye kijimto cha sindano kilichokuwa mezani. Sindano zilikuwa nyingi, zimechomekwa safusafu, na karibu zote zilikuwa tupu. Mbili tu zilikuwa na uzi, mmoja mweusi na mmoja mweupe.

Fundi aliona anapotazama. "Mimi kazi yangu cherehani," alisema. "Ya mkono ni yake: vifungo, pindo, kushikiza. Tundu la sindano mimi silioni tena. Alipokuwa anaondoka alikaa pale kwenye stuli yake akanitilia uzi kijimto kizima. Akaniambia, hizi zikiisha nitakuwa nimerudi."

"Zimebaki mbili."

"Nazibania. Ndiyo maana nasema kesho. Wateja wanadhani mimi mvivu."

"Kwa nini hamkuondoka wote?"

"Tulikusudia. Mama yangu akaugua, nikabaki kumuuguza. Alipofariki, nikawa nimeshabaki." Alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Huko alipata kazi kwenye kiwanda cha nguo, kazi ya mkono. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Sasa wanapiga wao, watu wa hospitali, kwa namba waliyopewa, hata hawaniulizi mimi ni nani. Nami naitikia tu, lugha yenyewe siijui. Juzi yule mfasiri wao aliniambia, mzee, kama unakuja, njoo sasa."

"Huko anaishi na nani?"

"Peke yake."

Alijibu swali likiwa bado halijatua. Inspekta alimtazama, naye fundi akaitazama ile stuli.

"Mzee, nikikuuliza tena huyu mtu ni nani?"

"Nitakwambia tena simjui. Niandike mimi, afande. Jumatatu nitakuja mwenyewe, msisumbuke na gari."

Mtu anayegombania kwenda kwa mgonjwa wake hasemi maneno hayo. Inspekta alitoka na swali jipya, zito kuliko alilokuja nalo: fundi anamlinda nani, mpaka akubali kumkosa mkewe?

*

"Kaa wima. Usicheke."

"Sikuja kupigwa picha," Inspekta alisema, akaonyesha kitambulisho.

"Basi cheka ukitaka," mpiga picha alisema, naye mwenyewe hakucheka.

Koti lilikuwa nyuma ya pazia, limetundikwa kwenye msumari. Lilikuwa la kijivu, kola pana, na alama ya pasi ilikuwa pale pale. Inspekta alilishusha, akalivaa juu ya sare yake. Mabega yalimfika karibu na viwiko.

"Lilikuwa la marehemu baba," Usicheke alisema. "Alikuwa mtu wa mwili."

"Wote unawavisha hili?"

"Idara yenu inataka mtu aonekane nadhifu. Watu wanakuja na walichonacho. Niwafanyeje?"

Ukuta mzima ulijaa picha za mfano: walimu, wafanyabiashara, mabinti waliosuka nywele, mzee mmoja mwenye jicho moja. Inspekta alishika lenzi yake akaenda nao uso kwa uso. Kila kola ilikuwa na alama ya pasi. Nusu ya watu wa mji huu walikuwa wameingia nchi za watu wakiwa ndani ya koti la baba yake Usicheke, na idara ilikuwa imeligundua kwa mmoja tu.

Hapo kesi ya koti ilikufa. Ofisa mwingine angeshukuru akaondoka. Inspekta alibaki ukutani, maana kulikuwa na kitu kingine kwenye zile picha na alikuwa bado hajakipata.

"Mtu mwembamba unamfanyaje? Mbona koti halimmezi?"

Usicheke alitoa kibanio cha nguo mfukoni, akazunguka nyuma yake, akakusanya kitambaa mgongoni na kukibana. Kwenye kioo cha ukutani Inspekta alijiona amekaa vizuri. Kisha akaona mkunjo, mmoja mrefu, ulioanza chini ya kola ukaelekea begani, pale kibanio kilipovuta.

Akarudi ukutani. Mwalimu alikuwa na mkunjo, na mabinti walikuwa nao. Hata mzee wa jicho moja alikuwa nao. Akatoa mkobani picha ya Fundi Kesho na ile ya mtu wa pili, akaziweka chini ya lenzi. Kola zote mbili zilikuwa zimelala tuli, mabega yamenyooka, hakuna mkunjo.

"Hawa wawili hukuwabana."

"Niliwabana."

"Hukuwabana."

Usicheke alichukua muda kukitoa kibanio mgongoni mwa Inspekta na kukirudisha mfukoni. "Huyu wa kwanza alikuja na mkewe. Yule mama alipoona kibanio akaniambia mume wangu si nguo ya kuanikwa. Akatoa sindano kwenye kanga yake, akalishikiza koti mgongoni, mishono michache tu. Nilipomaliza akaifumua. Sijapata kuona koti limekaa vile."

"Na huyu wa pili?"

"Afande, mimi napiga picha. Siulizi pasipoti ya nani."

"Sikukuuliza pasipoti. Nimekuuliza alikuja na nani."

Nje mtu alipita akipiga honi ya baiskeli. Usicheke alilivua koti mabegani mwa Inspekta, akalikung'uta, akalirudisha kwenye msumari wake.

"Na yule yule mama. Alisema ni mdogo wake. Alimshikiza hivyo hivyo, lakini siku ile hakutania. Alikuwa anatokwa na machozi, akasema ni kikohozi." Akageuka. "Utaniandikisha maelezo?"

Inspekta alikuwa ameshika kalamu. Akatazama ukurasa, ambao ulikuwa na tarehe tu. "Nikikuhitaji nitakuita," alisema, akafunga daftari.

Barabarani simu ilimkuta. Ilikuwa ya koplo wa ofisini, kijana asiye na maneno mengi, aliyekuwa ameagizwa kuuliza habari za ndugu wa mke wa fundi.

"Ana mdogo mmoja wa kiume, Inspekta. Wazazi hawapo. Huyo mdogo alishtakiwa zamani kwa kubadili tarehe kwenye pasipoti yake. Shauri halijaisha, amezuiwa kupewa hati mpaka leo. Mtaani kwao wanasema hawajamwona miaka mitano."

Mtu haazimi jina la mwenzake ila lake limefungwa. Dada alikuwa amemwona mdogo wake akingoja mlangoni pa mahakama mwaka baada ya mwaka, akamhurumia, akafungua sanduku la mumewe. Inspekta alipita kibandani akanunua andazi, akalila akitembea peke yake kama alivyokula vitu vingi maishani mwake. Halikuwa na ladha yoyote.

*

Ukutani mwa ofisi ya Mkuu kulikuwa na picha yake ya ujana, aliyopigiwa pasipoti alipokwenda kozi nje, kisha akaikuza kwa kuipenda. Inspekta aliisogelea na lenzi yake.

"Koti hili ni lako, Mkuu?"

"La nani tena?"

"Lina alama ya pasi kwenye kola."

Mkuu aliinuka, akaja, akainama. Alikaa ameinama kwa muda. "Lilikuwa la... la kuazima," alisema.

"Nguo ya kuazima, Mkuu," Inspekta alisema, na methali akaiacha hapo, kwa kuwa mwisho wake hausemwi mbele ya mkubwa.

"Haya, haya. Koti si ushahidi." Mkuu alirudi kitini akiwa mkali zaidi. "Lakini nyuso bado ni mbili. Karatasi za fundi zilitoka kwake zikaenda kwa nani, kwa mkono wa nani? Sisaini hewa. Nipe jina."

Jina Inspekta alikuwa nalo. Alikuwa nayo mawili, na moja lilikuwa la mwanamke aliyelala hospitali hasemi.

Fundi Kesho aliletwa na koplo ofisini kwa Inspekta. Alikaa ukingoni mwa kiti, kibegi chake cha safari miguuni. Alikuwa amekuja nacho. Mezani, Inspekta alikuwa ameiweka ile picha ya mtu wa pili, na kwa penseli amechora duara kuizunguka kola.

"Ni mdogo wa mkeo," alisema.

Fundi hakukana tena. Aliliwekea kidole lile duara. "Kule uwanjani waliponionyesha, sikutazama uso. Niliitazama kola. Miaka thelathini nimefanya kazi na mkono ule, afande. Naujua hata gizani."

"Ulikuwa hujui kabla?"

"Sikujua. Nilijua shemeji ameondoka, sikujua ameondokaje. Tulilala kitanda kimoja, tukaamka, tukanywa chai, na jina langu liko ughaibuni bila mimi. Hakuniambia." Alikiondoa kidole kwenye picha. "Hilo ndilo linaloniuma. Angeniomba, ningempa."

"Usiseme hayo mbele yangu, mzee."

"Nayasema. Sasa sikiliza. Ukimwandika mke wangu, naye anakuwa mtuhumiwa. Pasipoti yake inakaribia kuisha. Hamtampa nyingine, ni sheria yenu. Akipona, hawezi kurudi. Ukiniandika mimi, mimi siwezi kwenda. Mlango wenu ni mmoja nasi tuko wawili. Basi nifungie mimi. Yeye akipona arudi nyumbani kwake."

Miaka ishirini na kitu Inspekta alikuwa amefanya kazi hii, na hakuna aliyewahi kumwomba amfungie. Alivuta simu ya mezani, kwa kuwa utaratibu ulimtaka athibitishe kwamba mgonjwa yupo kweli, na kwa kuwa alihitaji mikono yake ifanye kitu. Akapiga hospitali, akaweka sauti wazi. Muuguzi na Inspekta walielewana kwa lugha ya kigeni ambayo wote wawili waliijua nusunusu. Katikati ya maneno ya muuguzi, Fundi Kesho aliinua kichwa.

"Amelitaja jina langu. Lote, mpaka la babu."

Inspekta alifunika simu kwa kiganja. "Nimemwambia mume wa mgonjwa anataka kujua hali yake. Anashangaa. Anasema mume yuko pale, kando ya kitanda. Ndiye aliyemleta, ndiye anayetia saini, na hajatoka tangu siku ile." Akamgeukia. "Jina lako limefika kabla yako, mzee."

Inspekta alizungumza tena na muuguzi, na baada ya nyayo na milango sauti ya kiume ikaja, ya mtu aliyekosa usingizi.

"Nani?"

"Polisi, idara ya pasipoti. Niko na shemeji yako hapa. Anakusikia."

Kisha ile sauti ikasema, ndogo, "Shikamoo, shemeji."

Fundi alichelewa sana kuitikia. "Marahaba," alisema mwishowe. "Amekula?"

"Wanamlisha kwa mpira. Mimi namsafisha uso. Shemeji, nilidhani uko njiani. Kila mlango ukifunguka nadhani ni wewe."

"Amezuiwa," Inspekta alisema. "Ana pasipoti mbili, na moja unayo wewe. Nitakuuliza maswali, koplo hapa ni shahidi. Ukijibu kweli, hiyo unayoitumia itafutwa leo, na wenyeji wa huko watakuja kukuchukua. Na shauri lako la zamani bado linakungoja. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Andika, afande. Hapa wote wananiita kwa jina la shemeji. Hakuna hata mmoja anayelijua langu. Nikisikia mtu akiniita jina langu, hata awe askari jela, nitageuka na furaha."

"Nani aliripoti kwamba pasipoti ya fundi imepotea?"

"Mimi."

"Karatasi zake ulizipata wapi?"

"Nilizitoa kwenye sanduku, wao wakiwa kazini. Mimi peke yangu. Shemeji hakujua." Pumzi. "Na dada hakujua."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Fundi alikuwa anamtazama, na koplo alikuwa anatazama karatasi. Katikati ya meza ile picha ilikuwa imelala na duara lake, na ndani ya duara kola iliyonyooka ambayo hakuna mwanamume aliyeweza kujishikizia mwenyewe mgongoni.

"Picha ulipigwa ukiwa na nani?"

"Peke yangu."

Huo ulikuwa uongo, na wote waliokuwa chumbani waliujua isipokuwa koplo. Inspekta aliandika: *Anaeleza kwamba alikuwa peke yake.* Ndivyo alivyoeleza. Kisha akachukua kifutio, akalifuta lile duara taratibu, akapuliza vumbi lake likaanguka sakafuni. Akamsomea yule wa kwenye simu maelezo yake yote, naye akayakubali. Koplo akasaini. Fundi Kesho alifunika uso kwa mikono miwili na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka.

"Afande," ile sauti ilisema, "wakija kunichukua kabla hajafika, nani atakaa naye?"

"Taarifa itakwenda leo. Wao hufika lini, sijui," Inspekta alisema. "Kaa hapo hapo."

Fundi alifuta macho kwa kofia yake, akaisogelea simu mpaka mdomo ukakaribia kuigusa.

"Mwekee sikioni."

Kitu kilikwaruza. Ikaja sauti ya mashine inayohesabu polepole, na nyuma yake pumzi nzito.

"Bibie," alisema. "Ni mimi. Sindano zimebaki mbili, sijazimaliza. Kwa hiyo bado hujachelewa kurudi." Akasita, akitafuta neno. "Nakuja kesho."

Alikisikia alichokisema, akatikisa kichwa.

"Si kesho ya wateja, bibie. Kesho."

Mashine iliendelea kuhesabu. Kisha shemeji akarudi kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imevunjika.

"Shemeji, amenikaza mkono. Amenikaza kwa nguvu. Nadhani... anadhani mkono ni wako."

Fundi Kesho alifumba macho.

"Usiutoe," alisema. "Usiutoe mpaka nifike."

Inspekta aliyakusanya maelezo, akayaweka pamoja na ile pasipoti, akaenda nayo kwa Mkuu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi, na Mkuu alikuwa ameshavaa koti lake la kwendea nyumbani. Inspekta aliingia bila kubisha.